Koti la Wakili Sokoni Gikomba

Mgeni aingiapo Nairobi hupenda kuonyeshwa majumba marefu ya katikati ya mji. Mimi humshauri asirudi kwao kabla ya kufika upande wa mashariki akaitazame Gikomba, soko lililo karibu na Pumwani, kando ya Mto Nairobi. Kutoka Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940, mtu aweza kwenda kwa miguu akipitia Shauri Moyo, na kabla hajaliona soko atalisikia kelele zake.

Humo huuzwa nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya, Marekani na kwingineko. Huitwa mitumba kwa sababu huletwa zimefungwa katika mitumba mikubwa, ambayo kwa kawaida huwa na uzito wa kilo 45. Mchuuzi hununua mtumba bila kuufungua. Hajui kama amepata makoti mazuri au matambara. Kamba zikatwapo alfajiri, wanunuzi husongamana kuchagua nguo bora, ambazo huko huitwa kamera. Zile zibakizo mwisho huitwa fagia. Basi mwenye kupenda usingizi atavaa fagia.

Jumamosi moja nilikwenda kumtafutia ndugu yangu mdogo koti, maana alikuwa ameitwa kwenye mahojiano ya kazi siku ya Jumatatu. Mfukoni nilikuwa na shilingi 800, pamoja na nauli. Nikasimama mbele ya kibanda kimoja, na kijana muuzaji akanitazama viatu kwanza, kisha uso. Huko Gikomba bei haiandikwi juu ya nguo. Husomwa katika viatu vya mnunuzi, navyo vyangu vilikuwa vimepigwa rangi asubuhi ile.

"Karibu, mzee," akasema. "Koti hili lilikuwa la wakili wa Uingereza. Shilingi 1,500 tu."

"Wakili huyo alishinda kesi?"

"Zote."

"Mbona basi akaliacha?"

"Alifanywa jaji, mzee. Sasa huvaa joho."

Waliokuwa karibu wakacheka. Nilipotaja shilingi 400, akanijibu kwa adabu kwamba kwa fedha hizo atanipa mkono wa kushoto, na ule wa kulia nije kuuchukua mwisho wa mwezi.

Ndipo nikamweleza koti ni la nani. Akaacha mzaha. "Litamfaa kwa mahojiano. Mimi mwenyewe nimekwenda nalo mara mbili."

"Ukapata kazi?"

"Ningalipata, mzee, ungalinikuta hapa?"

"Basi halina bahati. Punguza bei."

Watu wakacheka tena, lakini yeye akalikung'uta koti vumbi, akasema polepole, "Koti halikukosea neno. Waliniuliza nimefanya kazi miaka mingapi."

Hapo hapakuwa na wa kucheka. Tukapatana shilingi 600. Akalikunja kwa uangalifu, akanipa akisema, "Ndugu yako akifaulu, uje uniambie."

Wako watu waidharauo biashara hii, wakiwaona wachuuzi kuwa ni wapiga kelele tu. Lakini maisha yao yana hatari nyingi. Mwezi wa Juni 2018 moto uliwaka Gikomba usiku, watu 15 wakafa. Na huo haukuwa moto wa kwanza wala wa mwisho. Mwezi wa Machi 2020 Serikali ilizuia mitumba isiingizwe nchini kwa hofu ya ugonjwa wa Korona, na ruhusa ikarudi mwezi wa Agosti. Baada ya kila msiba, wachuuzi wamesimamisha vibanda vyao upya na kuanza kuita wanunuzi.

Basi, ndugu msomaji, ukienda Gikomba, fika mapema. Igeuze nguo ndani nje uitazame mishono na makwapa katika mwanga wa jua. Jaribu zipu na uhesabu vifungo. Omba upunguziwe, maana ndiyo desturi ya mahali pale, wala muuzaji hatakasirika. Lakini usimbane hata akose faida, kwa kuwa naye aliununua mtumba wake bila kuona kilichomo, na watoto wake wanamngojea jioni.