Mishumaa ya Nyumbani, Kutoka Bukoba Mpaka Muleba

Umeme ukikatika jioni, kila nyumba hutafuta mshumaa. Taa za jua zimeingia vijijini, na simu zina tochi, lakini betri huisha, na mshumaa bado una kazi yake. Wapo wanaojitengenezea nyumbani, kwa matumizi yao au kwa kuuza. Kazi hii si ngumu, ila ina makosa yake, na mshumaa mbaya si hasara ya fedha tu. Huweza kuzimika katikati ya matanga, au kumwachia mtoto giza kabla hajamaliza hesabu zake, au kuunguza nyumba. Basi twende pamoja njia ya Bukoba mpaka Muleba, maana nchi yenyewe itatufundisha.

Tuanzie mjini, ufukweni. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na upepo wake haukosi. Washa mshumaa dirishani nawe utaona: moto huinama upande mmoja, nta ya upande ule huyeyuka kabla ya wakati wake, ikachuruzika mpaka mezani. Watu husema nta ni mbaya. Sivyo. Kwanza ondoa mshumaa penye upepo. Ukiendelea kuchuruzika hata mahali patulivu, tazama utambi: pengine haukukaa katikati, au ni mnene kupita kiasi. Kabla ya kumimina nta, funga utambi kwenye kijiti kilicholala juu ya kalibu, uuvute mpaka unyooke, ndipo umimine. Nao wauzao mishumaa ya Mkesha wa Pasaka, ambayo watu huishika mkononi nje ya kanisa, wasisahau kikombe cha karatasi ngumu cha kukinga vidole na upepo.

Tukiondoka mjini kuelekea kusini tunafika Kemondo, penye bandari. Yafaa ukumbuke kwamba pwani hii ya ziwa hupata mvua nyingi, karibu milimita 2,000 kwa mwaka katika Bukoba. Unyevu huu huingia katika uzi wa pamba usipouhifadhi vizuri. Mshumaa wa namna hiyo hulialia, hurusha cheche ndogo, mara huzimika. Dawa yake ni hii: anika uzi, kisha uchovye katika nta iliyoyeyuka. Utaona mapovu madogo yakitoka. Ni hewa na maji. Yakikoma, utoe uzi, uunyoshe, uache ukauke. Tena utumie uzi wa pamba tupu, uliosukwa nyuzi tatu. Uzi wa nailoni haufai. Huyeyuka badala ya kunyonya nta.

Unene wa utambi ndio mzizi wa matatizo mengi. Ukiwa mwembamba mno, moto huchimba shimo katikati, nta ya pembeni hubaki, na mwisho moto huzama katika dimbwi lake. Ukiwa mnene mno au mrefu mno, hutoa moshi na masizi meusi. Nta ya nyuki hutaka utambi mnene zaidi kuliko nta ya parafini. Usibahatishe: tengeneza mishumaa mitatu yenye tambi tofauti, uiwashe pamoja, utazame ni upi ambao dimbwi lake hufika karibu na ukingo bila kuuvunja. Andika jibu katika daftari. Na kila unapowasha mshumaa, kata utambi ubaki kama milimita 6.

Sasa tufike Muhutwe, tuiache barabara kuu, tupande Kamachumu. Huku juu asubuhi ni baridi kuliko ufukweni. Nta ya moto ikimiminwa katika kalibu baridi hupoa haraka mno, na mshumaa hupata nyufa na mistari meupe. Pasha kalibu moto kidogo kwanza, halafu uifunike kwa gunia baada ya kumimina, ipoe polepole. Usiitie katika maji baridi kwa haraka ya kwenda sokoni. Ukiona shimo limejichimba juu, usishangae. Nta ya parafini husinyaa ikipoa. Choma matundu madogo karibu na utambi nta ikiwa bado laini, ujaze mara ya pili. Mshumaa ukikwama, hapana budi siku nyingine upake mafuta kidogo ndani ya kalibu. Nta ya nyuki hunata zaidi, kwa hiyo wengi huona afadhali kuchovya utambi mara nyingi mpaka unenepe.

Mwenye mizinga huweza kupata nta kwake. Chemsha masega kwa maji, chuja kwa kitambaa, uache yapoe. Nta itaganda juu, nawe utakwangua uchafu ulio chini yake. Usitumie chungu cha chuma kitupu, maana nta hugeuka rangi ikawa nyeusi.

Tukiteremka Muleba, tukutane na jambo kubwa kuliko yote: moto. Nyumba ya kale ya Kihaya, ya msonge, ni nyasi toka juu mpaka chini, na desturi ya kutandaza nyasi sakafuni ni nzuri kwa wageni lakini ni hatari kwa mshumaa ulioanguka. Simamisha mshumaa katika bakuli lenye mchanga, mbali na pazia na chandarua, usiuache ukiwaka watu wamelala. Wakati wa kuyeyusha nta vilevile usiweke sufuria moja kwa moja juu ya moto. Nta ya nyuki huyeyuka penye nyuzi 62 mpaka 64 za Selsiasi tu. Weka chombo cha nta ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Maji hayo hayatapita nyuzi 100, na nta haitafika joto la kushika moto. Usiondoke, wala usiruhusu watoto kucheza karibu. Na kama nta imeshika moto, usimwagie maji kamwe! Maji hugeuka mvuke mara moja na kurusha nta inayowaka juu ya watu. Funika kwa kifuniko, zima jiko, uache ipoe.

Basi, msomaji, kabla ya kupeleka mishumaa yako sokoni, chagua mmoja, uuwashe nyumbani kwako jioni, na uukalie mpaka uishe. Hesabu saa. Mnunuzi ataka kujua utamfikisha mpaka saa ngapi za usiku, nawe uwe na jibu la kweli.