Raj Kapoor, Mbele na Nyuma ya Kamera

Kuanzia tarehe 13 hadi 15 Disemba 2024, filamu kumi za Raj Kapoor zilioneshwa tena katika majumba ya senema 135, kwenye miji 40 ya India, kuadhimisha miaka 100 tangu kuzaliwa kwake. Kiingilio kilikuwa rupia 100 kila pahala. Walioandaa ni Film Heritage Foundation, taasisi ya Mumbai ihifadhiyo mikanda ya kale, wakishirikiana na hifadhi ya filamu ya taifa pamoja na R.K. Films, kampuni aliyoiasisi marehemu mwenyewe. Taasisi hiyo ilikwisha kuwafanyia mfano wa hayo Amitabh Bachchan na Dilip Kumar mwaka 2022, na Dev Anand mwaka 2023.

Kumuenzi Dilip Kumar, hata hivyo, hakuumizi kichwa. Alikuwa mwigizaji, zikusanywe picha ambazo uso wake umo, na kazi imekwisha. Raj Kapoor ni watu wawili. Wa kwanza ni uso: macho yenye huzuni ya kitoto, kofia iliyokaa upande, suruali iliyoishia juu ya vifundo vya miguu, kifurushi begani. Wa pili ni jicho lililoutazama uso huo na kuamua lini uonekane, kwa mwanga gani, na lini uondoke. Maonesho ya heshima, kwa desturi yake, huwachanganya wawili hawa na kuwapigia makofi kama mtu mmoja. Orodha ya filamu zile kumi, ikisomwa kwa utulivu, inawatenganisha.

Katika sita kati yake, yaani Aag ya 1948, Barsaat ya 1949, Awaara ya 1951, Shree 420 ya 1955, Sangam ya 1964 na Mera Naam Joker ya 1970, yeye ndiye mwigizaji mkuu na yeye ndiye mwongozaji. Katika mbili, Jagte Raho ya 1956 na Jis Desh Mein Ganga Behti Hai ya 1960, aliigiza na kugharimia, lakini uongozi ulikuwa wa wengine. Na mbili za mwisho, Bobby ya 1973 na Ram Teri Ganga Maili ya 1985, aliziongoza bila ya uso wake kuonekana. Ndani ya mafungu hayo matatu umo mjadala mzima, ijapokuwa hapana shaka waandaaji hawakukusudia kuuzusha.

Mwanzo wake unajulikana. Alizaliwa Peshawar tarehe 14 Disemba 1924, mtoto wa Prithviraj Kapoor, mwigizaji mashuhuri wa jukwaani na wa senema. Ujana wake aliuanzia chini, akiwa mpiga kibao cha kuanzishia picha kwa mwongozaji Kidar Sharma, na husimuliwa kwamba siku moja alikishughulikia zaidi kichwa chake mwenyewe mbele ya kamera kuliko kibao, akazabwa kofi. Kisa hicho kinapendwa mno kuweza kuaminiwa kikamilifu. Lakini kama kilitungwa, basi kilitungwa na mtu aliyemfahamu vyema. Alipoiongoza Aag alikuwa na umri wa miaka 23 tu. Baada ya Barsaat, kampuni yake ikajipatia nembo: mwanamume ameshika fidla kwa mkono mmoja, na mwanamke ameulalia mkono wake wa pili. Mwanamume huyo ni Raj Kapoor na mwanamke ni Nargis. Ni waongozaji wachache duniani waliothubutu kuufanya mwili wao kuwa muhuri wa biashara yao.

Awaara ndiyo iliyompeleka mbali. Ndani yake baba yake mzazi anaigiza hakimu Raghunath, baba amkataaye mwanawe. Mdogo wake, Shashi, anaigiza utoto wa shujaa. Na babu yake anaonekana akiwa jaji mahakamani. Ukoo mzima umeitwa kwenye picha inayouliza ukoo una thamani gani. Hakimu Raghunath anaamini kwamba mtoto wa mwizi hana budi kuwa mwizi. Kwa shaka hiyo anamfukuza mkewe mwenye mimba, na mtoto, akilelewa mitaani, anakuwa mwizi kweli. Muswada ulioandikwa na Khwaja Ahmad Abbas unaibomoa hoja hiyo jiwe kwa jiwe, na aibomoaye mahakamani ni mwanamke, Nargis, akiwa wakili.

Huko Urusi ya Kisovieti, ambako ilianza kuoneshwa mwaka 1954, Awaara iliuza tiketi zipatazo milioni 64. Uturuki iliitengeneza upya mwaka 1964 kwa jina la Avare. Na Zanzibar nako haikuhitaji wakili wa kuitetea. Mtafiti Laura Fair, ambaye kitabu chake juu ya senema za Tanzania kilitoka mwaka 2018, aliwahoji wazee wa mjini waliokuwa vijana katika miaka ya 1950, akakuta kwamba Awaara ilikuwa miongoni mwa picha walizozikumbuka zaidi. Wengi wao hawakujua Kihindi. Ila msemo wa mtoto wa nyoka ni nyoka waliujua tangu wangali wadogo, na katika kisiwa ambacho swali la mtu ni wa nani hutangulia swali la mtu ni nani, picha ya Kihindi iliyothubutu kuupinga msemo huo kwa saa tatu, kwa nyimbo na machozi, haikuwa mchezo wa kupitishia Jumapili. Kwamba taarabu za pwani zilikuja kuchota sauti kutoka filamu za Bombay ni jambo lililokwisha kuandikwa vya kutosha. Lililoandikwa kidogo ni kwamba hoja nazo zilichotwa.

Ndani ya Awaara hiyo hiyo imo ile sehemu ya ufukweni, isiyopendwa kutajwa kwenye sherehe. Rita anamwita Raj mshenzi kwa mzaha. Raj anampiga makofi, na Rita anaishia miguuni pake. Mtazamaji wa leo huikunjia uso sehemu hii, na ana haki. Lakini ana pahala pa kuikunjia. Aliyepiga ni yeye aliyeongoza, na uso wake uko pale pale, mkubwa kama ukuta, umepotoka kwa hasira na fedheha. Jicho na uso havijaachana bado. Anayetazama hana njia ya kujificha nyuma ya anayetazamwa, kwa kuwa wote wawili ni yeye.

Hapa ndipo thamani ya zile filamu sita ilipo, nayo haitokani na nyimbo pekee. Katika Shree 420 anaingia Bombay akiwa na kifurushi na uaminifu, anauza uaminifu, na kamera yake inamfuata anapovaa suti nzuri na kuwa mdogo zaidi ndani yake. Sangam, yake ya kwanza kuiongoza kwa rangi, ni ndefu kupita haja, na Ulaya iliyomo ndani yake ni ya kadi za posta. Lakini wivu wa mume umeoneshwa bila ya kumhurumia mume, na mume ni yeye. Hata Jagte Raho, iliyoongozwa na Sombhu Mitra na Amit Maitra, inafaa kuingia katika hesabu hii: mkulima mwenye kiu aingia jengo la ghorofa mjini Calcutta kutafuta maji, anadhaniwa mwizi, na usiku kucha anawaona watu wa heshima wakiiba. Hasemi takriban lolote mpaka mwisho. Kulipopambazuka, anayempa maji ni Nargis, naye hakuonekana tena katika filamu ya kampuni ile.

Mera Naam Joker ndiyo aliyoitia kila alichokuwa nacho. Ilimchukua miaka sita, ikapita saa nne, ikawa na mapumziko mawili, na alimweka mwanawe Rishi acheze utoto wa yule chale wa sarakasi ambaye hana budi kuchekesha hata siku ya kifo cha mama yake. Watu hawakwenda. Deni lilimfika shingoni. Maonesho ya 2024 yaliipokea filamu hiyo kama hazina, na kwa sehemu ya kwanza, ya utoto, ni hazina kweli; zile sehemu mbili zinazofuata zimejaa huruma ya mtu kwa nafsi yake, na umri wa mkanda hauwezi kulificha hilo.

Baada ya hapo akaondoka mbele ya kamera yake. Bobby ililipa madeni: Rishi na Dimple Kapadia, vijana wawili, na majumba yakafurika. Jicho likabaki peke yake, bila ya uso wa kulijibia. Katika Ram Teri Ganga Maili msichana wa milimani, ambaye jina lake ni jina la mto mtakatifu, anateremka hadi Calcutta kumtafuta mume, na kila mwanamume anayekutana naye njiani anamchafua. Filamu inawalaani wanaume hao kwa maneno makali. Kisha inamsimamisha yeye chini ya maporomoko ya maji akiwa na sari nyeupe iliyolowa, na kamera inatulia, ikitazama vilevile walivyotazama waliolaaniwa. Miaka ya nyuma, Raj Kapoor mwenyewe angekuwa mmoja wa wanaume wale, na aibu ingemfika usoni. Mwaka 1985 hakukuwa na uso. Pengine ndiyo sababu Satyam Shivam Sundaram ya 1978, ambayo ugonjwa huo ndani yake ni mkubwa zaidi, haikutiwa katika orodha. Ila kwa kuachwa huko, na Prem Rog ya 1982, iliyotetea ndoa ya mjane, nayo imeachwa, na hapo mtu amedhulumiwa kidogo.

Heshima kubwa ya nchi yake, tuzo ya Dadasaheb Phalke, ilimfikia tarehe 2 Mei 1988 mjini Delhi. Pumzi zilikuwa zimemwishia, hakuweza kupanda jukwaani, na Rais R. Venkataraman aliteremka kumfuata pale alipokaa. Kutoka hapo alichukuliwa hospitali, na alifariki tarehe 2 Juni. Studio yake ya Chembur iliungua Septemba 2017, mavazi ya filamu yakateketea, na mwaka 2019 kiwanja kikauzwa kwa kampuni ya majumba.

Kuna uigizaji wake mmoja ambao haukuwamo katika zile kumi, kwa kuwa filamu haikuwa mali ya R.K. Films. Teesri Kasam ya 1966 iliongozwa na Basu Bhattacharya na kugharimiwa na Shailendra, mshairi aliyeandika maneno ya nyimbo nyingi za Raj Kapoor. Humo Raj Kapoor ni Hiraman, mwendesha gari la ng'ombe, mtu wa kijijini anayempakia mcheza ngoma wa jukwaani kwenda mnadani, akampenda bila ya kulijua jina la kinachompata. Hana kofia ya upande, hana machozi ya kupangwa. Ni uigizaji wake bora kabisa, na jicho lililomtazama halikuwa lake. Filamu ilipata tuzo ya taifa ya filamu bora, lakini ilipotoka haikupata watu, na Shailendra akazama katika deni. Alifariki tarehe 14 Disemba 1966, siku ambayo Raj Kapoor alikuwa akitimiza miaka 42. Katika maonesho ya 2024, yaliyoiweka tarehe hiyo hiyo katikati, maneno yake yalisikika ndani ya Awaara na Shree 420, na jina lake likapita kwenye maandishi ya mwanzo pamoja na majina mengine.