Shanga za Guangzhou na Shanga za Kwetu

Wageni wakifika Guangzhou huuliza kwanza nguo, simu na vipuri. Shanga huulizwa mwishoni, tena kwa aibu kidogo, kana kwamba si biashara ya mtu mzima. Huwa nawaambia wapande metro laini ya 1, washuke Changshou Lu, wilaya ya Liwan. Hapo juu ya kituo kuna jengo la Liwan Plaza, na ndani yake kuna maduka na maduka ya shanga: za kioo, za mawe, za plastiki, zilizotungwa na zilizomwagwa mifukoni kama mchele. Akina dada wanaopeleka mzigo Dar na Nairobi wanalijua vizuri.

Liwan hiyohiyo ndiko korona ya Delta ilikoanzia hapa mjini, Mei 2021. Tuliokuwepo tunakumbuka foleni za kupimwa na kile kijiti cha pamba kooni. Wachache walijua kwamba hata humo mlikuwa na shanga. Maabara nyingi huchanganya sampuli na vipunje vya sumaku visivyoonekana kwa macho, na wataalamu huviita shanga. Chembe za urithi za virusi hunata juu yake, sumaku huvivuta pembeni mwa kichupa, uchafu unaoshwa, na kilichobaki ndicho kinachopimwa. Bibi zetu nao walikuwa na kipimo chao: uzi wa shanga kiunoni mwa mtoto mchanga. Ukibana, mtoto ananenepa. Ukilegea, mama anaitwa aulizwe kulikoni.

Ila ukiwa na nusu siku na watoto, wapeleke kwenye makumbusho ya Mfalme wa Nanyue. Kutoka Xiaobei ni kituo kimoja kwa laini ya 5 hadi stesheni ya treni, kisha kimoja kwa laini ya 2 hadi Yuexiu Park. Kaburi hilo liligunduliwa mwaka 1983, wajenzi walipokuwa wakisawazisha kilima cha Xianggang, jina lenye maana ya kilima cha tembo. Aliyezikwa humo ni Zhao Mo, aliyefariki yapata mwaka 122 kabla ya Kristo. Alivikwa vazi la vipande 2,291 vya jade, akalazwa kichwa juu ya mto wa hariri uliojazwa lulu, na shanga za kioo zilikuwa miongoni mwa mali alizozikwa nazo. Zilikutwa pia pembe 5 za ndovu, na watafiti wamezitambua kuwa za tembo wa Afrika. Basi sisi wa makontena si wa kwanza kuleta mzigo huku.

Pembe haisemi ilipitia bandari zipi. Kioo husema zaidi. Kioo ni mchanga ulioyeyushwa pamoja na magadi au majivu ya mimea, na mchanga wa kila nchi una madini yake. Wataalamu huuchoma ushanga kwa mwale wa leza, wakaacha kitundu ambacho huwezi kukiona, kisha wanasoma madini yaliyomo. Shanga za Unguja Ukuu, bandari ya Zanzibar ya zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, zimepimwa hivyo, na baadhi zilionekana kuwa za kioo cha Sri Lanka au India Kusini. (Kisiwani Pate kuna magofu ya mji uitwao Shanga, na wapo wanaolihusisha jina hilo na Shanghai. Mimi sishawishiki, neno tunalo wenyewe.)

Lakini leza haitoshi. Umri wa ushanga hujulikana kwa vitu vilivyolala nao ardhini: mkaa, vigae, mifupa. Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, ulipatikana ushanga wa kombe la baharini wenye miaka ipatayo 65,000. Uliwezekana kukadiriwa hivyo kwa sababu ulikutwa ndani ya tabaka lake. Ungekuwa umeokotwa na kutiwa mfukoni, leo ungekuwa kombe lenye tundu tu.

Nalisema hili kwa sababu likizo inakuja na wengi tutawapeleka watoto nyumbani. Kilwa Kisiwani na kwingine pwani, maji yakitoka, shanga za kale huonekana mchangani, nyekundu na za kijani, ndogo kuliko punje ya mtama. Mtoto aliyekulia ghorofani Xiaobei ataziokota moja kwa moja, na wapo watu wazima wanaozitunga upya kuwauzia watalii. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara ipo tangu 1964, ya Kenya ni ya 2006. Lakini ufukweni hakuna polisi wa shanga. Kuna mzazi tu. Mpe mtoto simu aupige picha ushanga palepale ulipolala, na sarafu pembeni kuonyesha ukubwa. Kisha mwende pamoja kwa mlinzi wa magofu mkamwonyeshe picha na mahali.