Umeme Ulivyoingia Al Ras

Vijana waliozaliwa Dubai katika miaka hii, ambao hutoka kituo cha metro cha Al Ras wakakuta kila dirisha linawaka na kila kiyoyozi kinanguruma, huamini kwamba umeme huja pamoja na nyumba, na wakiulizwa ni nani aliyeulipia mpaka ukafika mlangoni huliona swali lenyewe halina maana. Kutojua huko si jambo la kupuuzwa, kwa sababu wazee waliouona umeme ukiingia mtaani humo wanazidi kupungua, na pamoja nao inapotea kumbukumbu ambayo Waswahili wa ng'ambo zote mbili za bahari bado wanaihitaji, nayo ni kwamba umeme haukuwahi kuingia nyumba ya mtu yeyote kabla ya mtu fulani kukubali kubeba gharama ya kuufikisha.

Gharama hiyo ni tofauti na bei ya umeme wenyewe. Bei ya umeme hulipwa kila mwezi, au hulipwa kabla ya matumizi kama wafanyavyo watu wa luku, na hupanda au kushuka kulingana na matumizi. Gharama ya kuunganishwa hulipwa mara moja tu, lakini hulipwa kabla taa ya kwanza haijawaka, na ndani yake mna nguzo, waya unaotoka kwenye nguzo hadi ukutani, mita, sehemu ya gharama ya transfoma, yaani mtambo unaopunguza msongo mkubwa wa njia kuu uwe msongo unaofaa majumbani, kisha amana ya kampuni, na mwishoni ujira wa fundi wa wayaringi anayetandaza nyaya ndani ya nyumba. Familia yenye uwezo wa kulipa umeme wa kila mwezi bila taabu huweza kukaa gizani miaka ishirini kwa kushindwa kulipa malipo hayo ya mara moja. Serikali inapotoa ruzuku, yaani fedha za umma za kufidia sehemu ya bei ili raia alipe kidogo, mahali panapoleta tofauti kubwa kuliko pote ni hapo mlangoni.

Katika miaka ya 1950 mtaa wa Al Ras, uliokaa kwenye ncha ya eneo la Deira ambapo hori ya Dubai inapinda kuelekea baharini, uliishi kwa mafuta ya taa. Nyuma ya soko la viungo yalikuwapo maduka madogo ya taa, na duka moja la aina hiyo linatosha kueleza maisha yote ya wakati ule. Lilikuwa na upana wa milango miwili ya mbao, na sakafu yake ilikuwa imeinuliwa kiasi cha mwenye duka kukaa akiwa ameviringisha miguu huku macho yake yakilingana na macho ya mnunuzi aliyesimama nje. Ukutani zilining'inia fanusi za ukubwa mbalimbali, chini yake yalipangwa madebe ya mafuta, na kando, ndani ya sanduku lililofunikwa kwa kitambaa, ziliwekwa tambi za karabai, ambazo ni vifuko vyepesi vya uzi vinavyofungwa juu ya mdomo wa taa ya pampu na kuwashwa kwa moto mara ya kwanza mpaka uzi uungue na kubaki umbo la majivu linalotoa mwanga mweupe. Umbo hilo likiguswa kwa kidole huvunjika, na hapo mtoto alitumwa dukani kununua tambi nyingine, kwani ziliuzwa moja moja. Malipo yalikuwa kwa rupia, kwa kuwa rupia ndiyo iliyokuwa sarafu ya Ghuba mpaka mwaka 1966.

Mwenye duka alizijua nyumba zote kwa kiasi cha mafuta zilichonunua. Alijua nyumba ipi ina mgonjwa anayekeshewa, ipi ina arusi, na ipi imeanza kuzima taa mapema kwa sababu mwenyewe hajarudi kutoka baharini. Alikopesha kwa daftari, na deni la mafuta lilistahiwa kuliko deni la nguo. Harufu ya duka lake haikufanana na harufu ya duka jingine lolote la mafuta duniani, kwani uchochoro wote ulijaa mdalasini, ndimu kavu za Omani, ubani wa Dhofar, zafarani ya Uajemi na karafuu za Pemba, na mafuta ya taa yaliyomwagika kidogo kidogo kwa miaka mingi yalikuwa yameingia katika mbao za sakafu, hivyo upepo wa jioni ulipotoka horini ulizichanganya harufu hizo zote kwa pamoja. Soko la viungo lingalipo na watalii hulipiga picha, lakini nusu ya harufu yake imekwisha, na wauzaji wa leo wanaomwita mpita njia kwa lugha sita hawajui kwamba kuna kilichopungua.

Vitabu hutaja mwaka 1959 kuwa ndio mwaka ambao Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum alianzisha kampuni ya umeme ya Dubai, na mwaka 1961 kuwa ndio mwaka ambao kampuni hiyo ilianza kazi, katika miaka ileile ambayo hori ilikuwa ikichimbwa iongezwe kina. Tarehe hizo ni sahihi, lakini hazisemi ni lini nyumba hii au ile iliwaka, na kwa mtaa mzima hapakuwa na siku moja ya kuingia kwa umeme. Jambo kubwa zaidi ya tarehe ni kwamba uamuzi huo ulipitishwa kabla ya Dubai kupata mafuta, yaliyogunduliwa mwaka 1966 na kuanza kuuzwa nje mwaka 1969. Mji uliokuwa bado unaishi kwa biashara ya majahazi, na ambao ulikuwa umeonja ufukara lulu ilipokosa soko, haukungoja utajirike ndipo uwashe taa. Viongozi wengi wa nchi zetu wamesema kinyume chake, kwamba umeme wa watu wote utakuja uchumi ukishakua, na miaka imepita wakilisema hilohilo.

Waswahili waliofika Dubai kutoka Unguja katikati ya miaka ya 1960, kufuatia Mapinduzi ya 1964, waliukuta mji ulio nyuma ya mji wao. Walikuwa wametoka mahali ambapo jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, lilikuwa miongoni mwa majengo ya kwanza ya Afrika Mashariki kuwashwa taa za umeme, na mabibi waliozoea swichi ukutani walilazimika kujifunza upya kupampu karabai. Hata hivyo dari la Al Ras halikuwa geni kwao. Nyumba za matumbawe za mtaa huo ziliezekwa kwa boriti za mikoko zilizoletwa na majahazi kutoka Lamu na delta ya Rufiji, na kwa kuwa boriti hazikuzidi urefu fulani, upana wa vyumba vya Dubai, mita tatu na ushei, ulipimwa na miti ya pwani ya Waswahili. Umeme ulipoingia, fundi hakuchimba ukuta wa matumbawe, ambao humomonyoka, bali alipigilia waya kwa vibanio vidogo juu ya boriti, na taa moja ikaning'inizwa katikati ya chumba. Mti wa Rufiji ukawa ndio uliobeba waya wa kwanza wa Al Ras.

Baada ya taa ilikuja feni, na baada ya feni kiyoyozi, na kiyoyozi ndicho kilichozishinda nyumba hizo. Minara ya upepo iliyokuwa ikivuta hewa ya juu na kuiteremsha chumbani ilizibwa ili baridi isitoke, watu wakaacha kulala juu ya paa, na nyumba nyingi zikabomolewa, boriti zake zikatupwa, yakajengwa majengo ya zege ambayo umeme ukikatika hayakaliki hata saa mbili. Shule ya Al Ahmadiya, iliyoanzishwa mwaka 1912, na nyumba iliyo jirani nayo zilinusurika kwa kugeuzwa makumbusho. Ni jambo la kushukuru, lakini nyumba mbili si mtaa.

Miaka iliyofuata ilikwenda mbio. Mitambo mikubwa ilijengwa Jebel Ali kwa fedha za mafuta, kampuni ya umeme na idara ya maji ziliunganishwa mwaka 1992 zikawa shirika moja linaloitwa DEWA, wenyeji wakahamia vitongoji vipya, na Al Ras ikabaki kwa wafanyabiashara na wafanyakazi wa kigeni. Mwishoni mwa muongo wa 2010 Dubai ilifuta kabisa ada za kuunganisha umeme kwa biashara na viwanda vinavyohitaji nguvu isiyozidi kilowati 150, na Benki ya Dunia ikaiweka Falme za Kiarabu, nchi ambayo Dubai ni sehemu yake, ya kwanza duniani kwa wepesi wa kupata umeme katika ripoti zake za 2018, 2019 na 2020, ingawa ripoti hizo zilisitishwa mwaka 2021 baada ya kugunduliwa dosari za takwimu. Sifa ya kufuta ada inastahili kutolewa bila choyo, lakini anayefaidika nayo ni mwenye biashara. Mpangaji anayefungua akaunti ya nyumba ya ghorofa hutakiwa kuweka amana ya dirham 2,000, na mfanyakazi anayelala na wenzake katika chumba kilichogawanywa kwa mbao hana akaunti wala mita kwa jina lake.

Upande wa pili wa bahari mambo yalipinduka. Unguja, iliyopata waya wa chini ya bahari kutoka bara mwaka 1980, ilikaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, kisha kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, na jenereta zilizonunuliwa Deira zikanguruma katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Vijijini, mwanaanthropolojia wa Norwe Tanja Winther, aliyekaa katika kijiji cha Uroa, alionyesha kwamba nguzo kufika kijijini hakukuwa na maana ya kila nyumba kuwaka. Kenya ilipoanza mradi wake wa kufikisha umeme kwa wote mwaka 2015 ilishusha ada kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 kwa walio ndani ya mita 600 za transfoma, na kuruhusu kulipa kidogo kidogo. Tanzania, kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, humtoza mwanakijiji shilingi 27,000, ilhali wa mjini, tangu Januari 2022, hutozwa 320,960 hata kama nguzo iko karibu, na maelfu ya watu maskini huishi pembezoni mwa miji katika maeneo yaliyoandikwa kuwa mji.

Rufiji, iliyoezeka Al Ras, sasa ina bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, na uhaba wa umeme hauwezi tena kutolewa kama sababu. Kilichobaki ni fundi wa wayaringi, ambaye ujira wake haumo katika zile 27,000 na mara nyingi huzizidi. Kwa nyumba ya chumba kimoja au viwili kimebuniwa kifaa kiitwacho UMETA, kifupi cha Umeme Tayari, ambacho huwekwa ukutani kikiwa na taa na soketi zake bila kutandaza nyaya. Kifaa hicho kingeingizwa katika ruzuku moja kwa moja, familia ya delta ingelipa mara moja tu na kuwasha taa siku ileile mita inapofungwa.