Baxt ya Tashkent

Sisi wa rika langu tuliokwenda kusoma Tashkent, Uzbekistan ya Kisovieti, miaka ya 1970 tulifika na Kiingereza cha shuleni, nacho kilikuwa kimetuzoesha kuitaja furaha kama mtu anavyotaja njaa: ninayo au sina. Kwa Wauzbeki tukakuta baxt. Sikio lililitambua kabla ya akili, maana ndiyo bahati yetu. Lilizaliwa Uajemi, likashika njia mbili, moja ya Asia ya Kati, nyingine ya Waarabu hadi pwani yetu. Furaha ya siku moja, ya kupata barua au kufaulu mtihani, wao huiita xursandlik. Baxt ni ya maisha mazima, na tuliyoyasikia zaidi ni maneno ya kumwombea mwingine aipate.

Harusini utaliona jambo hili wazi. Hata jengo la kuandikishia ndoa huitwa Baxt uyi, nyumba ya baxt. Maharusi huinamisha vichwa, wazee wakainua viganja na kuwaombea baxt, wazeeke pamoja. Kisha wote husema omin, wakapitisha mikono usoni. Wazee tuliowakuta hawakuwa wageni wa taabu. Walikuwa wamepita katika Vita vya Pili vya Dunia, vilivyowamaliza vijana wao, na tetemeko la Aprili 26, 1966, lililowaacha watu wapatao 300,000 bila makazi. Wa kizazi chao alikuwa mhunzi Shoahmad Shomahmudov, ambaye yeye na mkewe Bahri Akramova walilea yatima wa vita zaidi ya kumi, wa mataifa mbalimbali. Baxt iliyotamkwa na watu wa namna hiyo ilikuwa na uzito, nasi tulijifunza kunyamaza ilipotamkwa.

Nanyi wanangu, msidhani nakidharau Kiingereza. Neno lake la furaha nalo lilianzia kwenye bahati. Karne zikapita, likahamia moyoni mwa mtu mmoja mmoja. Mwaka 1776 Wamarekani waliandika kwamba kuitafuta furaha ni haki ya kila mtu, na haki hiyo ina thamani kubwa. Binti anayelazimishwa kuolewa anaihitaji zaidi kuliko dua za wazee waliomzunguka. Zamani zetu hilo hatukulisema kwa sauti ya kutosha, na ninyi mnalisema. Nawaheshimu kwa hilo. Lakini nawaona pia mkijipima kila asubuhi kama mnayo au hamnayo, na jioni mmechoka kwa kupima. Sisi tulilala mabwenini, theluji ikigonga dirishani, tukisoma hesabu kwa Kirusi, na swali hilo halikutupitia. Tulijua nani nyumbani anatuombea, na kwa ajili ya nani tumekuja. Tulistahimili mengi kwa sababu hiyo, wala sioni haya kusema kwamba tulistahimili vizuri.

Wengi wa wenzangu wametangulia. Tuliobaki hupigiana simu kila Machi 21, siku ya Navruz, na kila mmoja humtakia mwenziwe baxt kabla hatujafika kwenye habari za magoti na presha. Tunaagana kwa xayr, ambayo ni heri yetu ileile. Mwaka huu mjukuu wangu aliyekuwa karibu aliomba simu, akamwombea mzee mwenzangu wa upande wa pili baxt kwa Kiuzbeki, bila kusaidiwa na mtu.