Swali la Sita

Ukurasa wa malengo ni mmoja tu. Ombi la ruzuku linalopelekwa kwenye Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, ambazo watafiti huziita NIH, huweza kuwa na viambatisho vya kujaza kapu, lakini mhakiki aliyechoka, anayesoma saa nne za usiku baada ya kuwalaza wanawe, huamua mengi kwa ukurasa huo mmoja. Pambizo la nusu inchi, herufi zisizopungua pointi 11, na ndani yake yaenee tatizo, pengo la maarifa, hoja ya mtafiti na malengo mawili au matatu. Katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Iowa yupo mzee mzaliwa wa Pangani ambaye kwa miaka 17 kazi yake imekuwa kuwasaidia wahadhiri wa kitivo cha uuguzi kuuandika ukurasa huo. Kabla ya hapo alikuwa mhariri wa vitabu vya kiada Dar es Salaam. Alikuwa amezoea kukata.

Mapema mwaka 2021 aliingia ofisini mwake profesa msaidizi mpya, mwanamke aliyesomea uuguzi Muhimbili na kupata shahada ya uzamivu Marekani. Alikuwa na kurasa tisa mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Daktari. Karibu, kaa."

Hajawahi kumwita kwa jina. Katika korido za hospitali ya chuo wageni walimdhania mhudumu na kumwomba awaletee maji, na mzee aliona kwamba angalau katika chumba kimoja cha jengo lile cheo chake kitamkwe kila siku.

Kurasa zile tisa zilianza na mama mmoja kutoka Uvira. Alikuwa amefika Iowa na familia yake baada ya miaka mingi kambini, na wiki ya sita baada ya kujifungua alipewa kliniki dodoso la Edinburgh, kipimo cha sonona ya wazazi kilichochapishwa mwaka 1987 na kutumika leo karibu dunia nzima. Dodoso hilo lina maswali 10 kuhusu siku saba zilizopita, kila jibu likipewa alama kuanzia 0 hadi 3. Swali la sita, kwa Kiingereza, limejengwa juu ya nahau: mtu huulizwa kama mambo yamekuwa yakimpanda juu, yaani yakimwelemea. Aliyeifasiri karatasi ya kliniki ile aliifuata nahau neno kwa neno. Mama akasoma kwamba vitu vimekuwa vikipanda juu yake, akafikiri kidogo, akamuuliza muuguzi kama anazungumzia panya. Nyumba waliyopangishwa ilikuwa nao. Kisha akajibu hapana, kwa sababu panya wale hawakuwahi kumpanda, na hapana yake ikahesabiwa sifuri. Jumla ya alama zake ikawa chini ya kiwango cha kuitiwa daktari. Mwezi uliofuata aliletwa chumba cha dharura usiku na jirani yake, akiwa hali wala halali, na mtoto akiwa hajanyonya tangu asubuhi.

Mtafiti alitaka kuuliza jambo moja: mama wa Kivu anapolijibu dodoso hili kwa Kiswahili, anajibu nini hasa?

Mzee alisoma hadi mwisho, akavua miwani. "Hili ni somo la isimu, Daktari," alisema. "Wenye fedha wananunua tiba."

Akamshauri aliondoe swali lile, au alifiche kwenye sentensi moja, na badala yake apendekeze vikundi vya akina mama wanaosaidiana, vyenye mikutano minane, na mafanikio yake yapimwe kwa dodoso lilelile. Kurasa tisa zikawa moja. Mama wa Uvira akatoweka, mahali pake pakakaa takwimu. Lugha ikanyooka, ikawa na sauti ile ya maombi yanayoshinda, ambayo mzee anaijua kama msomaji wa Kurani anavyozijua tajwidi. Tarehe 16 Juni 2021 ombi la ruzuku aina ya R21, ambayo haizidi dola 275,000 za gharama za moja kwa moja kwa miaka miwili, liliondoka saa kumi na dakika ishirini za jioni. Mwisho wa kupokelewa ni saa kumi na moja, na mzee huhesabu kila dakika inayosalia kama sadaka.

Ni haki kusema kwamba ushauri wake haukutokana na ujinga. Mwaka 2011 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Donna Ginther na wenzake ulioonyesha kuwa, hata baada ya kuzingatia elimu, mafunzo, machapisho na chuo anakotoka mwombaji, uwezekano wa mwombaji mweusi kupata ruzuku ya NIH ulikuwa pungufu kwa pointi 10 za asilimia ukilinganishwa na wa mweupe. Mwaka 2019 Travis Hoppe na wenzake waliongeza kwamba mada yenyewe ilieleza zaidi ya sehemu ya tano ya pengo hilo: waombaji weusi walielekea zaidi kwenye kazi zinazohusu jamii na makundi ya watu, na kazi hizo hupata fedha kwa nadra. Mzee alizisoma makala zote mbili. Hitimisho lake lilikuwa la mtu mwenye wajibu wa kuwalinda watu wake: kama mada ndiyo inayokuzamisha, badilisha mada. Hesabu hiyo ina mantiki. Ila humtwisha mzigo yuleyule aliyekuwa ameubeba, na meza inayogawa fedha huiacha ilipo.

Alikuwa pia na waajiri. Chuo hakimlipi mshahara kwa kupenda uandishi mzuri. Juu ya kila ruzuku, serikali ya Marekani hukilipa chuo gharama zisizo za moja kwa moja, za majengo, umeme, maktaba na wahasibu, kwa kiwango ambacho kila chuo hukijadili, na ambacho katika vyuo vikubwa vingi huvuka asilimia 50. Rafiki yake wa zamani hufanya kazi hiyohiyo katika chuo cha tiba nchini Tanzania, na Jumapili huzungumza kwa simu. Huko, kwa taasisi zilizo nje ya Marekani, kikomo cha NIH kimekuwa kwa miaka mingi asilimia 8. Kwa hizo nane rafiki analipia jenereta, intaneti na mhasibu anayejua kusoma masharti ya Washington. Mpango wa MEPI, ulioanza mwaka 2010 na kuvifikia vyuo kama Makerere, Nairobi na kile cha KCMC Moshi, ulisaidia kuziimarisha ofisi za namna hiyo. Mradi ulipofika ukingoni, kuzilisha likawa jukumu la wenyeji. Wawili hao hucheka sana kuhusu tofauti hiyo ya asilimia, kicheko cha watu wanaojua kwamba kazi ni moja.

Jibu lilitoka Novemba. Alama za NIH huanzia 10 hadi 90, na ndogo ndiyo bora, lakini ombi hili halikupata hata alama ya jumla. Takriban nusu ya maombi hayajadiliwi kabisa kikaoni. Mwombaji huletewa tu maoni ya wahakiki watatu waliopangiwa kulisoma. Wa kwanza alisifu mazingira ya chuo. Wa pili aliona idadi ya akina mama ni ndogo. Wa tatu aliandika aya fupi: dodoso litakalopima mafanikio halijathibitishwa katika Kiswahili kinachosemwa na wanawake hawa, mtafiti atajuaje kwamba anapima anachodai kupima? Bila hilo, malengo yote mawili hayana msingi.

Mzee ana kanuni yake: maoni ya wahakiki hayasomwi peke yako, na hayajibiwi kabla ya wiki mbili kupita. Siku ya kwanza mtu husoma matusi. Siku ya kumi huanza kuona maneno. Safari hii kanuni ilivunjika. Alisoma aya ya tatu akiwa amesimama, akateremka ghorofa mbili kwa ngazi, akabisha mlango wa profesa msaidizi.

"Daktari, swali hili ulikuja nalo wewe. Mimi ndiye niliyelitoa."

"Nilijua, mzee," alisema yule mwanamke. "Nilidhani wewe unajua zaidi."

Hakuna lawama iliyofuata, na huenda ingekuwa nafuu ingefuata. Kwa profesa msaidizi mwaka mmoja ni mali. Saa ya ajira ya kudumu ilikuwa imeshaanza kugonga tangu siku ya kwanza, miaka sita na si zaidi, na bila ruzuku kutoka nje kamati isingekuwa na mengi ya kujadili. Watoto wake wawili walikuwa shule, viza ya mumewe ilitegemea yake.

Kuanzia hapo namna ya kusaidia ilibadilika. Aliyekuwa akikata akaanza kutafuta. Alimpatia dola 12,000 za mfuko wa mbegu wa kitivo, fedha ambazo kwa kawaida hugombewa na maprofesa wenye sauti. Alimpeleka kwa mtakwimu mmoja hodari ambaye wahadhiri wengi walimwogopa kwa ukali, na wakagundua kwamba ukali ule huisha mtu akifika na swali badala ya jibu. Alimfundisha kumpigia simu ofisa wa programu wa NIH, jambo ambalo wageni wengi huliona kama utovu wa adabu, kumbe wenyeji hulifanya kila wiki. Alikaa naye jioni nne wakiandika fomu ya ridhaa kwa ajili ya kamati ya maadili, kwa Kiswahili ambacho mtu aliyeishia darasa la nne angekielewa bila kuona kwamba amedharauliwa. Mchungaji wa kanisa la Wakongo aliwapa chumba nyuma ya madhabahu.

Akina mama 14 walihojiwa. Kila mmoja alisomewa swali, akaombwa aeleze kwa maneno yake alichosikia, kisha kwa nini amejibu alivyojibu. Mzee alijitolea kunukuu kanda kwa maandishi, na hapo yakatokea yasiyotarajiwa. Mama anasema "niko na mawazo mingi", mzee anaandika "nina mawazo mengi". Mama anasema "batu banasema", mzee anaandika "watu wanasema". Miongo mitatu ya uhariri ilikuwa ikifanya kazi mikononi mwake bila kumwomba ruhusa. Mtafiti alipoilinganisha sauti na karatasi, alikuja nayo.

"Usisahihishe, mzee. Hiyo ndiyo data."

Aliandika upya kanda zote 14.

Kuhusu swali la sita walijaribu njia kadhaa. "Mzigo umenizidi" liliwarudisha wanawake watatu kwenye kuni na madumu ya maji ya kambini, wakaanza kueleza maumivu ya mgongo. "Mambo yamenilemea" lilieleweka na waliosoma shule. "Mambo yamenishinda" lilifika kwa karibu wote, lakini mmoja, mkubwa kuliko wengine, alikataa kulijibu. Mambo hayajamshinda, alisema. Yangemshinda asingefika hapa. Alipoulizwa sasa yamekuwaje, alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba mchana anayaweza, na usiku yanarudi. Sentensi hiyo ya mwisho haikuingia kwenye dodoso lolote. Iliingia kwenye ombi, mwanzoni kabisa mwa ukurasa wa malengo, na mzee, aliyefundisha watu miaka 17 kutoanza na kisa, hakuigusa.

Anayerudisha ombi hupewa ukurasa mmoja wa utangulizi ili awajibu wahakiki. Wengi huutumia kujitetea. Ukurasa huu ulikubali hoja ya mhakiki wa tatu katika mstari wa kwanza, ukaonyesha akina mama 14 walichosema, na ukaeleza kwamba lengo la kwanza sasa ni kukijenga kipimo na lengo la pili ni kukijaribu katika vikundi vitatu tu. Ombi liliondoka tarehe 16 Novemba 2022, asubuhi. Machi iliyofuata lilijadiliwa, likapata 29. Ofisa wa programu alisema kwa sauti ya watu wa programu kwamba alama hiyo si mbaya na kwamba hawezi kuahidi kitu. Walisubiri hadi Julai, ndipo ilani ya ruzuku ikaja.

Kabla ya hapo, wakati bajeti ikipitiwa, mhasibu wa kitivo alikuwa ameuzungushia wino mwekundu mstari mmoja: nauli za akina mama na malezi ya watoto wakati wa mahojiano, dola 6,400. Aliona ni nyingi, akashauri nusu yake ihamishiwe kwenye kompyuta. Mzee alimjibu kwa barua ya aya mbili, yenye adabu zote, akieleza kwamba mama mwenye kichanga mgongoni na mwingine mkononi hapandi mabasi mawili wakati wa theluji ili aulizwe kama amechoka. Jina la mzee halimo popote katika ombi lile, si kwa watafiti wala kwa washauri. Kazi ya ofisi yake huhesabiwa ndani ya zile gharama zisizo za moja kwa moja. Mstari wa nauli ulibaki kama ulivyoandikwa, dola 6,400.