Udongo wa Nairobi, Maji ya Malindi

Sisi watu wa pwani tukipanda Nairobi hudhani kwamba bahari tumeiacha mbali. Mji ule umekaa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake hutusahaulisha chumvi. Lakini baada ya Swala ya Ijumaa katika Msikiti wa Jamia tuliteremka hadi Barabara ya Kirinyaga, tukautazama Mto Nairobi. Maji yalikuwa mazito, yenye rangi ya kahawia, ilhali jina la mji latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi.

Tuliufuata mto kuelekea magharibi, tukapita Chiromo na Kawangware hadi Dagoretti. Chimbuko lake liko mbele zaidi, katika kinamasi cha Ondiri, karibu na Kikuyu. Upande huo udongo ni mwekundu na wenye rutuba, na miteremko iliyokuwa mashamba sasa imejaa nyumba. Mvua inyeshapo juu ya mabati na lami haipati pa kuzama. Hukimbilia mtoni kwa kasi, ikazikata kingo na kuuchukua udongo. Hali ya hewa nayo inabadilika: kwa kila nyuzijoto moja inayoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvua kubwa huzidi kuwa kubwa. Masika ya 2024 yalitufunza. Kote nchini watu zaidi ya 200 walifariki, na familia za Mathare zilizoishi ukingoni mwa mto zikapoteza makao.

Je, udongo huo huenda wapi? Wahenga walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mto Nairobi huingia katika Mto Athi, ambao ukipokea maji ya Tsavo huitwa Galana, kisha Sabaki, ukamwagika baharini kaskazini ya Malindi. Vilima vya Ukambani navyo hutia fungu kubwa njiani. Wakati wa kaskazi tope husukumwa kusini hadi Malindi. Wakati wa kusi huelekea Mambrui. Hivyo ufuo wa Malindi umepanuka na maji yake hugeuka mekundu, hali kwingine pwani bahari inaumega ufuo. Matumbawe, yaliyowekewa hifadhi Malindi tangu 1968, yanahitaji mwanga. Tope likizidi hukosa mwanga na hufunikwa. Matumbawe yakifa, samaki hupungua, na anayeulizwa kitoweo jioni ni mama wa nyumba.

Ndugu wasomaji, wengi wetu tuna jamaa bara. Mwenye kiunga Dagoretti au Kikuyu na apande majani ya mabingobingo kukingama mteremko, ili mizizi yake izuie udongo. Mwenye nyumba na aweke tangi la kukinga maji ya paa. Na mzazi ampelekaye mwanawe kusoma Nairobi asitazame kodi peke yake. Nyumba za ukingoni huwa rahisi, lakini mto huongeza upana wake usiku, watu wakiwa wamelala. Na aulize kwanza maji yalifika wapi katika masika ya 2024, ndipo atoe amana yake.